Shajara ya mradi wa Anvil 70

18 Februari 2024, Jumapili

Siku kama ya leo mwaka 1957 Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, wapiganaji wa msituni waliopinga ukoloni wa Waingereza Kenya, alinyongwa katika gereza la Kamiti. Tumeanza mradi leo kwa sababu mzee wetu wa kwanza, nitakayemwita Guka wa Bahati (guka ni babu kwa Kikuyu, Bahati ni mtaa wake hapa Nairobi), huja mjini kila tarehe hii kuisalimu ile sanamu ya barabara ya Kimathi. Anavua kofia, anasimama kidogo, anaivaa tena, kisha anauliza chai iko wapi. Sanamu ilizinduliwa tarehe hii hii mwaka 2007. Nikamuuliza, na kabla ya hapo Guka ulikuwa unasalimu nini?

"Kibao cha barabara."

Kwa atakayesoma daftari hili baadaye: tarehe 24 Aprili mwaka huu inatimia miaka 70 tangu Operesheni Anvil. Jumamosi hiyo ya 1954, alfajiri, wanajeshi wa Uingereza waliuzingira mji wa Nairobi, wakapekua mtaa baada ya mtaa, wakawachambua Wakikuyu, Waembu na Wameru wakiwasaka wafuasi wa Mau Mau. Waliozuiliwa walizidi 20,000. Walipitishwa kambi ya Langata, na wengi wakasukumwa hadi kambi za kizuizini za Manyani na Mackinnon Road. Sisi tunataka siku hiyo waliokamatwa na waliokuwa upande wa serikali wakae meza moja, wakumbuke pamoja. Basi. Hatuna agenda ya kuwapatanisha, maana hatujui hata kama wanataka.

Tuko watatu: mimi karani, mwalimu mstaafu wa historia, na kijana wa kurekodi sauti. Pesa ni za mifuko yetu. Majina ya wazee hayataandikwa popote. Sharti hilo waliliweka wenyewe kabla chai haijamiminwa.

2 Machi

Kumpata aliyekuwa msituni ni rahisi. Uliza Bahati, uliza Shauri Moyo, utaelekezwa hadi mlangoni. Kumpata homugadi, yaani Mwafrika aliyeshika silaha upande wa serikali ya kikoloni, ni kazi. Wiki mbili sasa, na jibu ni lile lile: "Sisi hapa hatukuwa na mambo hayo."

Mwalimu anasema nisishangae. Mau Mau ilipigwa marufuku mwaka 1950 na marufuku hiyo haikuondolewa hadi 2003, miaka 40 ya Uhuru ikipita juu yake. Kenyatta mwenyewe, akihutubia Githunguri mwaka 1962, aliiita ugonjwa uliokwisha na usiofaa kukumbukwa tena. Kwa hiyo miaka yote ile aliyetoka msituni ndiye aliyenyamaza, na homugadi akawa karani, chifu, mwenye duka. Baada ya 2003 mambo yakageuka. Halafu ikaja 2013, serikali ya Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228 walioteswa wakati wa vita hivyo. Tangu hapo kila familia imekumbuka kwamba babu alikuwa Mau Mau. Homugadi wamekwisha wote, ukisikiliza matangazo ya mazishi.

Niseme na yangu. Babu mzaa baba alikaa Manyani. Babu mzaa mama alikuwa na bunduki ya serikali. Arusi ya wazazi wangu babu hao walihudhuria wote wawili, na picha ninayo: mmoja kila upande wa picha, kama mabano.

9 Machi

Amepatikana. Anaishi kwa bintiye, mtaa wa Kahawa. Ana miaka 90, masikio mazuri kuliko yangu. Nitamwita Guka wa Kahawa. Alitupokea vizuri, akatuuliza maswali mengi kuliko tuliyomuuliza, kisha akasema atakuja kwa masharti mawili: asikae akiangalia mlango, na asiitwe ngati.

Hili la pili limetuchukua jioni nzima. Kwa Kikuyu, neno la kumwita homugadi ni ngati, na katika kinywa cha watu wengi ngati ni tusi. Kamatimu, jina lao jingine, ni hivyo hivyo. Na upande wa pili, akisema "Mau Mau" kwa sauti anayoisema yeye, nalo ni tusi. Mwalimu akapendekeza rekodi zote ziwe kwa Kiswahili. Si lugha ya mama ya yeyote kati yao, ila wote waliijua: mmoja kizuizini alikochanganywa na watu wa kila pembe, mwingine kwenye kituo cha polisi. Kiswahili hakina mate ya tusi hilo. "Homugadi" limebaki kuwa jina la kazi tu, kama "dereva".

Hasara yake ni kwamba Guka wa Bahati akikasirika anaruka kwenye Kikuyu, na kijana wetu wa sauti, ambaye ni Mluhya, anabaki ameshika maiki kama mwenge.

23 Machi

Mkutano wa kwanza, ukumbi wa kanisa moja Kaloleni. Chai, maandazi, uji kwa asiye na meno. Wazee watano: wawili wa msituni, mmoja aliyekuwa kizuizini tu, Guka wa Kahawa peke yake upande wake, na Shosho (yaani bibi), miaka 86, ambaye akiwa msichana alipeleka chakula porini.

Saa nzima ya kwanza hakuna aliyemwangalia mwenzake. Kila mmoja aliongea na mimi. Nilijihisi kama posta.

Kilichofungua vinywa si Mau Mau, ni Burma. Guka wa Bahati alitaja kaka yake aliyekuwa keya, askari wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles, akapigana Burma na kurudi bila chochote ila koti. Guka wa Kahawa akasema, akiiangalia chai yake, kwamba wake pia. Wakaanza kulinganisha: malaria, Wajapani, mvua isiyokwisha. Mwalimu akachomeka kwamba Waruhiu Itote, Jenerali China, naye alikuwa keya Burma kabla ya kuingia msituni Mlima Kenya. "Wote walifunzwa bunduki na bwana mmoja," akasema Guka wa Bahati, "halafu akawagawa." Kwa mara ya kwanza akageuza kiti kidogo.

Halafu akaeleza habari za gunia. Siku ya Anvil walipangwa foleni, na mbele akakaa mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Gakunia. Unapita mbele yake. Akitikisa kichwa, umekwenda. Alikwenda miaka minne.

Katikati ya maelezo hayo Guka wa Kahawa alisimama akatoka nje. Tulidhani ndiyo basi. Alirudi baada ya robo saa, akaketi, akaomba chai nyingine. Hatukumuuliza. Mpaka leo hatujamuuliza.

Matumizi: teksi sh 2,400, maandazi sh 300, betri sh 250.

24 Aprili, Jumatano

Siku yenyewe. Imeharibika yote.

Mvua imepiga usiku kucha na Nairobi iko chini ya maji. Mathare watu wamepanda mapaa ya nyumba. Barabara za Eastlands hazipitiki, na binti wa Guka wa Kahawa alinipigia saa kumi na mbili asubuhi akaniuliza kama nina akili timamu. Tumeahirisha. Guka wa Bahati peke yake alikuwa ameshavaa. Nilienda kwake nikikanyaga matope hadi magotini, nikamkuta kakaa mlangoni na suti, kofia mapajani. Akasema hata 1954 mvua ilikuwa karibu, Aprili ndivyo ilivyo. Tukasoma majina yake sisi wawili, watu kumi na moja aliokamatwa nao, kisha akavua viatu akalala.

11 Mei

Safari ya Lari, huko Kiambu kulikouawa watu wengi wakati wa vita hivyo, imeahirishwa pia. Baada ya mafuriko yale yaliyoua watu Mai Mahiu tarehe 29 Aprili hakuna mzee atakayepandishwa gari kwenda upande huo.

Kijana wetu ametumia muda huu kutafuta mifano ya kwingine. Ametuletea habari za Combatants for Peace, chama cha Waisraeli waliokuwa wanajeshi na Wapalestina waliokuwa wapiganaji, kilichoanza mwaka 2006. Kila mwaka, mkesha wa siku ambayo Israeli inawakumbuka wanajeshi wake waliokufa, wao hufanya kumbukumbu moja, wafiwa wa pande zote mbili. Wanatukanwa sana na watu wao kwa hilo. Nikampelekea Guka wa Kahawa habari hiyo. Alisikiliza, akauliza:

"Na hivyo vita vyao vimekwisha?"

Nikamwambia havijakwisha, vinawaka hivi sasa.

"Basi wametushinda. Vyetu vilikwisha 1960."

30 Juni

Mwezi huu hatujakutana. Kila anayesoma anajua Nairobi ilikuwaje tarehe 25, siku ya maandamano ya vijana dhidi ya Mswada wa Fedha. Mjukuu wa Shosho alikuwa mjini siku hiyo, akarudi na macho mekundu na kiatu kimoja. Shosho hakumgombeza. Alimuuliza tu kama walikuwa wamebeba maji.

13 Julai

Kimezuka kitu ambacho hatukukipanga.

Tulikuwa Kahawa, mimi, kijana wetu wa sauti na Guka wa Bahati. Alijialika mwenyewe, amechoka, asema, na kuonana kanisani kama wachumba. Nilichokuwa nimefichwa miezi yote mitano ni kwamba wazee hawa wawili wametoka ukingo mmoja huko Kiambu. Mashamba ya baba zao yalipakana. Walijuana tangu siku ya kwanza. Walikuwa wananiangalia mimi kwa sababu hiyo.

Guka wa Kahawa ndiye aliyeanza. Akaeleza kwa nini alichukua bunduki: shangazi yake aliuawa na Mau Mau huko Lari usiku wa 26 Machi 1953. Kisha bila kuulizwa akasema na lile lingine, kwamba waliouawa kwa kisasi baada ya usiku ule walikuwa wengi kuliko waliouawa usiku wenyewe, na hilo serikali haikulitangaza. Na kwamba ugomvi wa Lari ulikuwa wa shamba kabla ya kuwa wa vita, tangu watu walipohamishwa kutoka Tigoni. Guka wa Bahati hakupinga hata neno.

Alipomaliza, Guka wa Bahati akasema, kwa Kiswahili, polepole, ili kinaswe: "Sasa sema ya matoka."

Kwa wasiojua, itoka (wingi matoka) ni mmea wa maua unaopandwa mpakani huko kwetu. Mizizi yake haifi kirahisi, na kung'oa itoka la mwenzako ni jambo zito. Wakati wa Hali ya Hatari, watu wakiwa vizuizini, serikali ilipanga mashamba upya chini ya Mpango wa Swynnerton wa 1954: vipande vidogo vikaunganishwa, hati zikatolewa. Aliyekuwapo alipimiwa. Aliyekuwa Manyani alipimiwa na wengine.

Guka wa Kahawa alinyamaza hadi nikasikia jokofu la jikoni. Kisha akasema: "Yalikuwa kwenye mti wa mũgumo, siyo kwenye mto. Mimi na baba tuliyang'oa. Ni kama nusu eka."

Hakuomba msamaha. Mwenzake hakusema amesamehe. Guka wa Bahati aliuliza tu kama mashine ilikuwa inafanya kazi, kijana akasema ndiyo, akasema vizuri. Wakaongea habari za ng'ombe.

16 Julai

Simu kutoka kwa mwana wa kiume wa Guka wa Kahawa, saa mbili usiku. Anataka kujua tumemlipa mzee nini. Anataka kujua tunafanya kazi na wakili gani. Sauti hiyo ikifika mahakamani, asema, sisi watatu tutajua hatujui.

Simlaumu sana. Nusu eka Kiambu leo ni pesa nyingi, na juu yake kuna nyumba, na ndani ya nyumba kuna watoto ambao hawajawahi kusikia neno matoka. Mwalimu anasema tuifute rekodi. Kijana anasema akiifuta ataacha mradi. Mimi nasema ni ya wazee, waulizwe wao. Tulibishana hadi mlinzi akatufukuza.

20 Julai

Tumewauliza. Guka wa Bahati: "Mimi sidai shamba. Ningelidai 1963. Nataka isemwe." Guka wa Kahawa: "Nimekwisha kusema. Nitaisemaje tena?"

Uamuzi: rekodi haitoki. Haiwekwi mtandaoni, haipelekwi maktaba. Zitatengenezwa nakala mbili tu kwenye flashi, kila mzee moja, na yetu inafutwa. Kijana amekubali kwa shingo upande.

17 Agosti

Hatimaye Lari. Tulikwenda Kimende kwenye Makumbusho ya Amani ya Lari, ambayo chimbuko lake ni wazee wa huko huko, wa pande zote mbili, waliokubali kukaa pamoja. Guka wa Kahawa alitembea polepole sana. Sikumfuata karibu.

Shosho alikuwa na siku yake. Waliporudi kwenye habari za vijiji, zile nyumba ambamo watu zaidi ya milioni moja walikusanywa kuanzia 1954, na handaki lenye miti iliyochongwa kuzunguka kila kijiji, alimgeukia Guka wa Kahawa.

"Mimi nilichimba. Wewe ulikuwa juu ya mnara."

"Na njaa nilikuwa nayo kama wewe."

"Hapana. Wewe ulikula."

Akafikiri. "Nilikula," akasema.

Tukanunua viazi barabarani, tukarudi.

31 Agosti

Uhuru Park, ukumbusho wa waliotendewa ukatili wakati wa ukoloni. Ulizinduliwa 12 Septemba 2015, na serikali ya Uingereza ndiyo iliyotoa pesa baada ya yale makubaliano ya 2013. Sanamu ni ya mwanamke anayempa mpiganaji chakula, na nyuso zao zimeelekea kwingine, ili akikamatwa mmoja asiweze kumtaja mwenzake.

Shosho aliuzunguka mara mbili. Chakula, asema, hukumpa mtu mkononi namna ile. Ulikiacha pale mlipoagana ukaondoka. Ila la kutoangaliana ni kweli kabisa. Kuna mtu aliyempelekea viazi miaka miwili na hajui alikuwa na sura gani. Huenda alikutana naye sokoni baada ya Uhuru, wakabishana bei.

Guka wa Kahawa alikaa kwenye benchi mbali kidogo. Alisema haoni mahali pa mtu kama yeye kwenye jiwe lile. Guka wa Bahati akamwambia, kwa utani nusu: "Wewe ndiye wanayemkimbia hapo."

7 Septemba

Tarehe mpya. Wengine walitaka 20 Oktoba, Siku ya Mashujaa, ambayo ndiyo tarehe Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka 1952. Guka wa Kahawa akakataa: "Siku hiyo si yangu, nitakuwa mgeni." Tumekubaliana Jumamosi yoyote, kwa kuwa Anvil ilikuwa Jumamosi. Tarehe 28 mwezi huu.

Maneno ya bango yametutoa jasho. "Waathiriwa wa pande zote" yalikataliwa na Guka wa Bahati: yanamweka aliyepigwa na aliyepiga kwenye sahani moja. "Mashujaa" yakakataliwa na wa pili. "Kumbukumbu ya amani" yakakataliwa na Shosho, kwamba haina ladha. Mwisho tukaandika mahali tu: Langata. Manyani. Mackinnon Road. Lari. Hola. Kamiti. Kila mmoja ana wake wa kumkumbuka katika angalau sehemu moja hapo, na hakuna aliyebishia jina la mahali.

26 Septemba

Bango limetoka kwa mchapishaji River Road. Limeandikwa MASHUJAA WETU WA MAU MAU, picha ya Kimathi katikati, na majina ya mahali hayapo. Kijana wa dukani alieleza kwa upole kwamba aliona tumesahau kichwa cha habari, na yale mengine alidhani ni vituo vya basi, akatusaidia. Sh 3,500. Hakuna muda wa kurudia. Nimenunua kitambaa cheupe na rangi, mwalimu ameandika kwa mkono wake wa ubaoni.

28 Septemba, Jumamosi

Kaloleni, uwanjani chini ya mti. Watu 34, wengi wajukuu. Wazee wanne, yule aliyekuwa kizuizini tu alilazwa hospitali Alhamisi.

Hakukuwa na hotuba. Mwalimu alisoma jina la mahali, na mwenye mtu wake hapo akamtaja. Hola ilipofika, mahali ambapo wafungwa kumi na mmoja waliuawa kwa vipigo tarehe 3 Machi 1959, hakuna aliyekuwa na ndugu, tukanyamaza sote kidogo. Lari, Guka wa Kahawa alimtaja shangazi yake. Kisha Guka wa Bahati akataja jina, na Guka wa Kahawa akainua kichwa haraka. Baadaye niliambiwa: alikuwa kaka yake mkubwa Guka wa Bahati, aliyeuawa katika kile kisasi. Miezi saba hakulisema hilo hata mara moja, hata ile siku ya matoka.

Mwana wa Guka wa Kahawa alikuja. Alisimama nyuma, mikono mfukoni, na akakataa chai. Lakini ndiye aliyewarudisha wazee wote wawili nyumbani kwa gari lake, Bahati kwanza.

5 Oktoba

Flashi ya Guka wa Bahati nimempelekea. Hana kompyuta. Ameifunga kwenye leso pamoja na kitambulisho.

Ya Guka wa Kahawa aliirudisha. Asema nyumbani kwake vitu hupotea, nimtunzie. Iko kwenye kopo la majani chai, rafu ya juu. Nakala yetu kijana ameifuta mbele yangu. Salio la mradi ni sh 1,150, na yule mzee aliyelazwa ametoka hospitali, anauliza ni lini tena.